Mtoto wa Mfano

Siku Lenox alipoacha kulia, ploti nzima ilimshukuru Mungu.

Ilikuwa ploti ya kupanga kule Bofu, vyumba vimetazamana, na kuta za ndani hazifiki kwenye mabati, kwa hiyo mwenye kupiga chafya chumba cha mwanzo aliombewa afya na chumba cha mwisho. Mtoto wa Kache tangu azaliwe alikuwa akilia kama mwenye kesi. Alilia akinyonya, alilia akiogeshwa, alilia jirani akikaanga samaki. Kisha asubuhi moja akanyamaza. Akawa analala chali, macho nusu wazi, mikono imemlalia ubavuni kama ya mzee aliyetoka shambani.

"Kache, umempa nini huyu mtoto?" jirani wa mkabala aliuliza akianika nguo.

"Maziwa tu," Kache akajibu.

"Basi nikamulie kikombe nimpe mume wangu, labda naye atanyamaza."

Wakacheka. Kache alicheka kwa fahari, maana hayo maziwa ndiyo yaliyompa jina. Alikuwa kiongozi wa kina mama wanyonyeshao wa zahanati ya mtaa. Alipewa fulana ya kijani yenye maandishi kifuani, MAZIWA YA MAMA PEKEE, MIEZI SITA, na alipopita nayo njiani hata wavulana wa bodaboda walisoma kwa sauti, ingawa si kwa adabu. Mumewe, Odhiambo, alikuwa kibarua katika yadi ya makontena Changamwe. Yeye alichojali ni kwamba sasa angepata usingizi.

Mmoja tu hakushukuru. Huyo alikuwa Dhahabu, mamake Kache, aliyekuja kutoka Ganze kumwogesha mzazi na hakurudi tena. Ploti nzima ilimwita Hawe, kama Wagiriama wamwitavyo bibi.

"Mtoto huyu hajapata choo tangu Jumapili," Hawe alisema. "Na kope zake zamlemea. Mtazameni. Kama mtu aliyekesha kwenye pombe ya mnazi."

Roseline, dadake Odhiambo, alikuwa amefika kutoka Mtongwe. Alikuwa mkuu wa kina mama kanisani kwake, na hakuwa na desturi ya kuingia nyumba ya mtu bila kuacha maagizo.

"Mama, mtoto akilia mnasema mgonjwa. Akinyamaza mnasema mgonjwa. Mnataka afanye nini, aimbe kwaya?"

"Nataka alie kidogo," Hawe akasema. "Kidogo tu nimsikie."

"Yawa! Watu wanaomba kwa kufunga wapate mtoto mpole kama huyu."

Hawe alikaa na mtoto mapajani, akamgusa shavu, akangoja ageuze kinywa kama watoto wafanyavyo. Hakugeuza.

*

Kulikuwa na jambo ambalo Kache na mamake walilijua, na ploti haikulijua.

Kabla ya ule ukimya, Kache alirudi kutoka kuteka maji akamkuta Hawe amempakata Lenox, kidole kimo kinywani mwa mtoto, chupa ya asali i kando.

"Mama! Ni nini hicho?"

"Asali ya mjomba wako Nguma. Mtoto alikuwa akilia tumbo, nikamlambisha. Wewe mwenyewe umekua kwa asali hii, na ndugu zako wote."

Mtu angedhani Kache atainyakua chupa. La kwanza alilolifanya ni kufunga mlango.

"Umempa mara ngapi?"

"Mara kwa mara. Kidole tu."

"Sista Pascalia akijua, mie nimekwisha. Mama, nisikilize. Yeyote atakayekuuliza, sema maziwa tu."

"Yeyote?"

"Yeyote."

"Hata Mungu?"

"Mungu hana kliniki ya Jumanne, mama."

Hawe aliifunga chupa akaitia chini ya kitanda. Alikuwa mtu wa kuishi kwa mwanawe, na mtu akiishi kwa mwanawe hushika masharti ya nyumba.

*

Kliniki ya Jumanne ilikuwa na namna yake. Kina mama walikaa kwenye benchi refu nje ya chumba cha mizani, watoto mapajani. Sista Pascalia, muuguzi mkuu wa zahanati, alitoka, akasimama, akauliza:

"Kina mama, watoto wamekula nini?"

"Maziwa tu, sista!" benchi likajibu kwa sauti moja.

Halikuwa hivyo tangu zamani. Mwaka uliopita mama mmoja mgeni alijibu kwa moyo mweupe kwamba wake huonja uji. Pascalia alimsimamisha kando ya mizani, akamweleza mbele ya wenziwe jinsi anavyotaka kumzika mwanawe kwa kijiko. Mama yule alilia mpaka mtoto naye akalia. Tangu siku hiyo hakuna mtoto wa Bofu aliyeonja uji, kwa ushahidi wa benchi. Muuza unga wa wimbi aliyekuwa ng'ambo ya barabara, mkabala na zahanati hiyohiyo, aliendelea kuuza kama kawaida.

Pascalia hakuwa mtu mbaya. Alikwisha kuwapokea watoto wengi waliokauka kwa kuharishwa na uji wa maji machafu, wengine wakamfia mikononi. Alipiga kelele kwa sababu aliogopa. Lakini kelele ni kelele. Mwenye kupigiwa haoni hofu iliyo nyuma yake.

Siku hiyo alikuwa na haraka. Wiki ya kunyonyesha ilikuwa inakaribia, wageni wa kaunti wangefika, na Lenox ndiye angebebwa mbele kama mtoto wa mfano. Alimchukua kutoka kwa Kache. Kichwa cha mtoto kikaanguka nyuma.

"Shingo imelegea, sista," Kache akasema. "Na hanyonyi vizuri. Anashika titi, halafu anachoka."

Pascalia alimpima joto. "Hana homa."

"Lakini choo pia hana."

"Watoto wa maziwa matupu hukaa hata wiki. Nimewafundisha hapa. Ameshiba huyu." Akatoa simu. "Hebu tufanye mazoezi ya picha. Lenox! Cheka kwa sista! Lenox!"

Akapiga vidole, akapiga mluzi, akatikisa funguo. Uso wa Lenox haukusogea. Ulikuwa uso wa mheshimiwa anayesomewa malalamiko ya wananchi.

"Ana utulivu," Pascalia akasema hatimaye, akaipiga picha hivyohivyo.

*

Jioni ile maziwa yalimtoka Lenox puani. Odhiambo aliporudi kazini alimkuta mkewe ameketi sakafuni akimpigapiga mtoto mgongoni, na mtoto hakohoi, anatweta tu.

Wakampeleka kwa Justus, mwenye kliniki ya kichochoroni, kwa sababu ndiko karibu na hakufungwi mapema. Justus alikuwa na koti jeupe, hadubini moja na kijana wa kuchoma kidole. Kila aliyeingia kwake alitoka na malaria na taifodi. Alizitoa pamoja kama mtu auzavyo chapati na maharagwe.

"Malaria," Justus akasema akitazama kikaratasi. "Na taifodi imeanza."

"Lakini daktari, mwili wa mtoto ni baridi," Odhiambo akasema. "Hata zahanati wamepima, hana homa."

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi. Imejificha."

Odhiambo alitazama kiatu chake. Alikuwa na maswali, lakini Justus alikwisha kumwita anayefuata, na mtu aliyevaa ovaroli yenye vumbi la makontena huona haya kuuliza mara ya pili. Alinunua dawa zote mbili, ya chupa na ya unga. Walipofika nyumbani Kache akamtia mtoto kijiko cha kwanza. Kilikaa kinywani. Lenox hakukimeza, hakukitema. Kikatoka chenyewe pembeni pole pole, kama maji ya gudulia lenye ufa.

Asubuhi Roseline alikuwa hapo tena.

"Sasa tuseme ukweli," alianza. "Kwetu mtoto halegei bure. Hii ni kazi ya macho ya watu. Na watu tunajua wanatoka wapi."

"Wanatoka wapi, wifi?" Kache akauliza.

"Mimi sijataja mahali. Lakini Ganze ni mbali na kanisa."

"Ganze ina makanisa kuliko visima," Hawe akasema bila kuinua sauti. Alikuwa akiifunga leso kifuani. "Odhiambo, mwanangu. Nakuheshimu wewe ndiwe mwenye nyumba. Lakini mie navuka feri na mtoto huyu, naenda ng'ambo, hospitali kubwa. Ukikataa, nitaenda na kukataa kwako."

Odhiambo alivaa viatu, na Roseline akafuata nyuma.

Njiani walikutana na Pascalia akienda kazini. Alipomwona Lenox begani kwa Hawe, kichwa kikiyumba kila hatua, rangi ilimtoka. Hakwenda zahanati. Alipiga simu moja, akafuatana nao na sare yake hadi feri, kwa sababu alimpenda mtoto, na pia kwa sababu mtoto wa mfano hapelekwi mahali bila mwenyewe.

Feri ilijaa. Mama mmoja mwenye kapu la mihogo alimfunua Lenox uso. "Mashallah, mtoto mpole huyu! Wangu angeshaipindua feri." Kache aligeuka kutazama maji, na machozi yakamshuka mpaka kwenye maandishi ya fulana.

*

Daktari wa watoto aliitwa Winfred. Alikuwa mwembamba, sauti ya chini, na alikuwa na tabia ya kumshika mtoto kabla ya kushika kalamu. Aliuinua mkono wa Lenox, akauachia, ukaanguka. Alimwinua ukope, ukajifunga wenyewe. Alimmulika tochi jichoni, akangoja, akammulika tena. Kisha alimfinya unyayo.

Lenox akatoa sauti. Ilikuwa ndogo, kama ya paka aliyefungiwa kabatini.

"Umesikia?" daktari akasema. "Amesikia maumivu. Mwenyewe yumo ndani, ameamka. Mwili ndio haumtii."

Hawe akashika mdomo.

Wakamtoa maji ya uti wa mgongo kwa sindano, ingawa Roseline alisema kwa sauti ya kusikika kwamba mtoto akinyonywa maji ya mgongo hatembei. Maji yalitoka meupe, safi kama ya mvua. Daktari aliyatazama kwenye mwanga, hakufurahi. Aliwaita wote pembeni ya kitanda.

"Sikilizeni. Nafikiria vitu viwili. Cha kwanza ni homa ya uti wa mgongo. Hiyo twaiona kila mara. Nikingoja majibu yote ya maabara, inaua. Kwa hiyo mtoto mchanga akija hivi, tunamwanzishia sindano mbili papo hapo." Muuguzi wa wodi alikuwa tayari akizivuta dawa. "Cha pili ni nadra sana. Mie nimekisoma, na nimekiona mara moja tu. Ni wadudu ambao mbegu zao hukaa udongoni, na mara nyingine kwenye asali. Mtu mzima akizila hazimfanyi kitu. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka, zinaota tumboni mwake na kutoa sumu, na sumu hiyo inazuia mishipa ya fahamu isiamrishe misuli. Kwanza choo kinafunga. Kisha kope, shingo, kunyonya. Mwisho pumzi."

"Na dawa si hizo hizo?" Odhiambo akauliza.

"Hapo ndipo penye taabu. Sindano moja kati ya zile mbili hulegeza misuli zaidi. Akiwa ana ugonjwa huu wa pili nami nikamchoma, hii pumzi kidogo mnayoiona yaweza kukatika. Nikiiacha naye ana ule wa kwanza, nimemnyima tiba."

"Sasa utajuaje, daktari?"

"Damu haitaniambia leo. Nyinyi ndio mtaniambia. Je, ameonja chochote? Asali, hasa. Hata kidogo."

Kabla Kache hajafungua kinywa, Pascalia alisogea mbele na beji yake.

"Daktari, samahani nikukate kauli. Hapa hatuna haja ya kuuliza. Huyu ndiye mama wangu wa mfano. Someni fulana. Kata nzima inajifunza kwake. Asali? Huyu hata maji hajampa."

"Namuuliza mama," daktari akasema.

"Maziwa tu," Kache akasema.

Yalimtoka yenyewe, kama mtu anavyoitikia amina bila kusikia dua. Alimtazama mamake. Hawe naye alikuwa akimtazama, anangoja. Kache hakumpa ishara yoyote.

"Bibi?" daktari akauliza.

Hawe aliinamisha kichwa. "Nimeambiwa niseme maziwa tu."

Hilo "nimeambiwa" lingetosha kwa mtu mwenye nafasi ya kulisikia. Lakini mtoto wa kitanda cha jirani alianza kutapika, daktari akageuka, Roseline akaanza kuomba, na katika ghasia hiyo muuguzi wa wodi, aliyekwisha kupewa maagizo, aliushika mpira wa dripu wa Lenox, akaigonga sindano kwa ukucha ili hewa itoke.

Kache aliuona mkono wa mwanawe. Ulikuwa umelala kiganja juu, umefungwa plasta, hauombi kitu.

"Asali!" alisema.

Alisema kwa sauti iliyofanya vitanda vyote vigeuke. "Amelambishwa asali! Si mara moja. Mie nilijua. Nilifunga mlango!"

"Weka hiyo chini," daktari alimwambia muuguzi. "Mpe ile nyingine peke yake. Na mwite mtu wa mashine za pumzi, mwambie sasa hivi." Kisha, kwa sauti yake ileile ya chini: "Asali ya dukani au ya mzinga?"

"Ya mzinga, daktari," Hawe akajibu. Alikuwa amesimama wima sasa. "Kidole ni changu, na asali ni ya ndugu yangu. Safi. Haijachanganywa hata na sukari."

"Laiti angeichanganya mpaka ikawa sukari tupu," daktari akasema, akaenda.

"Kache," Pascalia akasema. Alitoa sauti ya mtu aliyekuta mlango wa duka lake umevunjwa.

*

Kwenye veranda daktari aliwahoji wote tena, safari hii mmoja mmoja, kwa sababu alikuwa amejifunza.

Odhiambo alisema yeye hajampa mtoto kitu. Kisha akasema labda soda, tone moja kidoleni, wakati wa mpira, kwa sababu alimwona anatamani. Roseline alisema hayo mambo ya kishenzi hayajui, yeye ni mtu wa kanisa. Na alipoulizwa mara ya pili akasema uji wa wimbi si chakula, ni msaada, na alimpa vijiko viwili vitatu kila Kache alipokwenda kwenye mikutano ya kunyonyesha.

Pascalia alikuwa wa mwisho. "Mimi ni muuguzi," akasema.

"Najua, sista."

"Siku ya picha alikuwa hachangamki." Alijikuna mkono. "Maji ya glukosi. Kidogo. Ili acheke."

Daktari Winfred alikipiga mstari alichoandika juu kabisa, mahali palipoandikwa *maziwa ya mama pekee*, halafu akaenda kunawa uso.

*

Lenox aliwekwa kwenye mashine ya kupumua, na mpira mwembamba wa kumlisha ukapitishwa puani. Daktari aliwaambia hakuna la ajabu la kufanya ila kumsaidia apumue na ale hadi mishipa ijirudi yenyewe. Dawa ya kuipinga sumu ipo ulimwenguni, lakini haikuwa karibu nao. "Huchukua wiki nyingi. Lakini wengi hurudi, wakishikiliwa."

Kilichobaki ni ushahidi. Ili ugonjwa uthibitishwe, choo cha mtoto kingepelekwa Nairobi, na choo ndicho kitu Lenox hakuwa nacho. Basi watu wazima, mmoja wao daktari, walikaa siku nyingi wakikingoja choo kile kama mgeni wa serikali. Wauguzi waliulizana kwenye kubadilishana zamu. Roseline alikiombea mbele ya kanisa zima, bila aibu, kwa jina. Siku kilipokuja, kidogo na kigumu, Hawe alipiga kigelegele wodini akafukuzwa hadi jioni.

Wiki ya kunyonyesha ilifika na kupita. Walimbeba mtoto mwingine, na fulana ya kijani akapewa mama mwingine. Kache alisikia kutoka wodini, kwa simu, vipaza sauti vikisifu. Watu wa ploti walipokuja kumwona walimletea machungwa na maneno. "Kumbe fulana haizuii," mmoja alimwambia, halafu akamuuliza kama pale wodini pana mahali pa kuchaji simu. Odhiambo hakusema naye kwa siku kadhaa, wala na Hawe. Alikuja, akaushika mguu wa mwanawe, akarudi Changamwe.

Hawe ndiye aliyeanza. Alimkuta kwenye ngazi.

"Nikusanye vitu vyangu, mwanangu? Niambie tu."

Odhiambo alisogea akampisha aketi. "Mama, ukienda, nani atamshika mtoto akiogeshwa? Mimi na huyu binti yako hatujui."

"Na hasira zako?"

"Hasira zipo. Wewe kaa tu."

Siku moja, Hawe akimpangusa uso, Lenox alikunja paji. Baadaye akainua kidole. Baadaye sana wakaiondoa mashine, na akalia. Kilikuwa kilio chembamba, kibovu, cha mlango wenye kutu. Kina mama wa wodini waliomtaka Kache amnyamazishe walitazamwa na Hawe kwa namna ambayo hawakurudia.

*

Jibu la Nairobi lilikuja Lenox alipokuwa keshatoka hospitali, anaanza kushika shingo. Jibu lilisema hakuna jibu. Kifurushi kilikaa mahali fulani njiani siku za sikukuu bila barafu, kikaharibika. Hakikupimwa.

Daktari Winfred alilisoma akakunja midomo. "Kwangu haibadilishi kitu," alimwambia Kache. "Maji ya mgongo hayakuotesha mdudu yeyote. Alilegea kwa mpango ule, amerudi kwa mpango ule, na asali alikula. Najua nilichotibu. Asiionje tena mpaka atimize mwaka."

Lakini huko Bofu jibu lilibadilisha kila kitu. Roseline alitangaza kwamba ugonjwa haukuonekana kwa sababu ulikuwa macho ya watu, na ulitolewa kwa maombi. Justus aliwaambia wateja wake kwamba taifodi ya yule mtoto aliivunja yeye kwa kijiko cha kwanza. Nguma alipiga simu kutoka Ganze akidai aombwe radhi yeye na nyuki wake. Kila mtu alipata alichokitaka, na Lenox akawa amepona kwa njia za watu wote isipokuwa ile iliyomponya.

Pascalia alikuja mwenyewe mpaka ploti. Alibisha hodi kwa upole, akakubali chai, akamsifu mtoto.

"Kache, nimefurahi mno. Umesafishwa."

"Nimesafishwa na nini, sista?"

"Jibu. Hakuna asali kwenye jibu. Wageni wanarudi mwezi ujao, wanataka kuona mtoto aliyeugua sana akapona kwa nguvu ya maziwa ya mama. Nimewaambia ninaye. Wewe utasema maneno mawili tu, unayajua."

Odhiambo alimtazama mkewe. Ploti nayo, nyuma ya zile kuta zisizofika juu, iliacha kuosha vyombo.

Kache alikuwa ameikosa heshima ile, si kidogo. Aliikosa alipoteka maji na watu wakapisha kwa kunong'ona badala ya salamu. Alimweka Lenox begani, akaishika shingo yake ambayo bado ilichoka jioni.

"Nikija nitasema asali, sista. Nitasema na jinsi nilivyokudanganya wewe, na kwa nini."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya yule mama uliyemsimamisha kwenye mizani."

Pascalia alikiweka kikombe chini. "Basi usije," akasema.

"Sitakuja."

"Lakini mtoto ana chanjo Jumanne."

"Chanjo ataletwa na Hawe."

Na Hawe alimleta. Alikaa mwisho wa benchi, Lenox mapajani, akamtegemeza kichwa kwenye kiwiko. Pascalia alitoka, akauliza kama desturi yake, ingawa kwa sauti ya chini kuliko zamani. Benchi likaitikia, "Maziwa tu, sista!" Hawe hakuitikia. Pascalia alimwona, akarudi ndani upesi, akaurudisha mlango.

Hawe akamgeukia mzee mwenziwe, bibi wa Kibajuni aliyempakata kitoto kichanga.

"Mie nilimpa huyu asali," alisema, si kwa kunong'ona. "Nusura nimwue. Alilegea kama nguo mbichi, wakampumulia kwa mashine. Sikujua. Sasa najua. Wewe wako wampa nini?"

Benchi lilicheka, kisha likanyamaza. Bibi yule alitazama mbele kana kwamba hakusikia. Akaiweka sawa leso ya mtoto. Akautazama mlango, kama umefungwa vyema.

"Sogea huku, dada," akasema. "Huyu hajapata choo tangu juzi."